Debian, Ubuntu au AlmaLinux: ulinganisho wa ufuatiliaji wa udhaifu na utiaji viraka kwa seva za ofisi ndogo za Mwanza

Ofisi ndogo za hapa Mwanza, kuanzia SACCOS za Nyakato hadi wanunuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, huniuliza ni mfumo endeshi upi huria ulio salama zaidi kwa seva. Kwa namna linavyoulizwa, swali hilo halina jibu, kwa sababu mifumo mitatu ninayoilinganisha hapa imejengwa kwa programu zilezile: kiini cha Linux (kernel), OpenSSH, OpenSSL, sudo na nyingine nyingi. Tundu likionekana katika OpenSSH, wote watatu wanalo mlangoni. Wanachotofautiana ni kazi ya watu walio kati ya mwandishi wa programu na seva yako: wanakujulisha kwa njia gani, wanatoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, baada ya muda gani, wanakiri au wanakaa kimya kuhusu wasichokusudia kukirekebisha, na kiraka kikishashuka kinakugharimu nini, iwe ni bando, muda wako au kuzima mashine saa za kazi. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo ya kulinganisha.

Namba zisizosaidia kuchagua

Udhaifu unaotangazwa kwa kawaida hupewa namba ya utambulisho iitwayo CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999 chini ya taasisi ya MITRE ya Marekani, na mara nyingi huambatana na alama ya ukali ya CVSS inayokwenda kutoka 0 hadi 10. Wapo wanaochagua mfumo kwa kuhesabu CVE zake, wakidhani mwenye chache ndiye salama. Hesabu hiyo inapotosha. Februari 2024 wasimamizi wa kiini cha Linux walipewa mamlaka ya kutoa namba hizo wenyewe, na tangu hapo karibu kila marekebisho yenye harufu ya usalama hupata namba yake, hata yale yanayohusu kifaa ambacho hakuna ofisi ya Mwanza iliyowahi kukiona. Mwezi huohuo hifadhidata ya kitaifa ya udhaifu ya Marekani inayosimamiwa na taasisi yao ya viwango, NIST, ambayo wengi wetu tulizoea kusoma alama zake, ilipunguza kasi ya uchambuzi, na udhaifu mwingi ukabaki na namba bila maelezo.

Kwa hiyo fundi aliyekaa Kirumba hawezi kutegemea orodha ya dunia nzima. Hata tahadhari zinazotolewa nchini na TZ-CERT, timu ya taifa ya usalama wa kompyuta, ambazo ni vizuri kuzisoma, haziwezi kujua ni toleo gani la kifurushi lililo kwenye seva yako. Anayejua hilo ni aliyekitengeneza kifurushi chenyewe, na hapo ndipo daftari la ufuatiliaji la kila mfumo, yaani kurasa zake za mtandaoni zinazoorodhesha kila udhaifu na hali yake, linapoanza kuwa na thamani.

(Neno kifurushi litanisumbua katika makala hii. Kwa mfumo endeshi ni programu iliyofungwa tayari kwa kusakinishwa. Kwa mtandao wa simu ni kile unachonunua kwa wakala. Cha pili nitakiita bando.)

Jumatatu moja, seva tatu

Njia nzuri ya kuyaona madaftari haya matatu ni kuyaweka mbele ya udhaifu mmoja. Jumatatu tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza CVE-2024-6387, ulioitwa regreSSHion, katika huduma ya OpenSSH ambayo sisi mafundi huitumia kuingia kwenye seva tukiwa mbali. Anayeunganisha bila kukamilisha kuingia hupewa muda, kwa kawaida sekunde 120. Muda huo ukiisha, programu hukatiza alichokuwa anafanya na kuita kazi ambazo si salama kuitwa katikati ya shughuli nyingine. Mshambuliaji mwenye subira, akirudia majaribio yapatayo elfu kumi, angeweza kutumia upenyo huo kupata mamlaka yote ya mashine. Qualys walilithibitisha hilo kwenye mashine za biti 32. Jambo la kusikitisha ni kwamba tundu hilo lilikwishazibwa mwaka 2006, kisha likarudi bila kukusudiwa kuanzia toleo 8.5p1.

Siku hiyo nilikuwa na seva tatu mikononi: ya Debian 12, ya Ubuntu 22.04 na ya AlmaLinux 9. Daftari la Debian lilikuwa na ukurasa mmoja wa namba hiyo, na kila toleo la Debian lilikuwa na mstari wake: Debian 11 haikuathirika kwa kuwa OpenSSH yake ni 8.4p1, iliyotangulia kosa kurudi. Debian 12 ilikuwa imeathirika na imerekebishwa katika 1:9.2p1-2+deb12u3, kupitia taarifa ya usalama DSA-5724. Chini ya mistari hiyo palikuwa na maelezo mafupi yaliyoonyesha kosa liliingia wapi na limeondolewa wapi. Nilihitaji dakika mbili kujua la kufanya.

Ukurasa wa Ubuntu ulifanana na huo kwa umbo, pamoja na ngazi ya kipaumbele iliyopangwa na timu yao wenyewe badala ya alama ya CVSS peke yake. Ubuntu 20.04 haikuguswa, na 22.04 ilirekebishwa katika 1:8.9p1-3ubuntu0.10. AlmaLinux nao walitoa kiraka siku hiyohiyo, kabla ya Red Hat ambao mfumo wao ndio AlmaLinux inaofuata. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu baada ya Red Hat kubana utoaji wa msimbo wake Juni 2023, AlmaLinux waliacha lengo la kuwa nakala kamili ya mfumo huo na kubaki na lengo la kuendesha programu zilezile bila tatizo, jambo lililowapa uhuru wa kutangulia inapobidi.

Kwa kasi, basi, hakuna aliyeshindwa siku hiyo. Tofauti ilijitokeza wiki mbili baadaye, pale mkaguzi wa mteja mmoja alipoelekeza programu yake ya upekuzi kwenye seva zote tatu na kuniletea ripoti yenye maandishi mekundu ikisema kwamba zote bado zina regreSSHion.

Toleo la zamani lenye kiraka kipya

Upekuzi wa aina hiyo husoma salamu ambayo OpenSSH huitoa mtu anapobisha hodi, huona 9.2 au 8.9 au 8.7, hulinganisha na toleo 9.8 ambalo waandishi wenyewe walirekebisha, kisha hutoa hukumu. Haujui kwamba mifumo yote mitatu kwa kawaida haibadilishi toleo la programu katikati ya maisha ya mfumo. Timu ya usalama huchukua marekebisho peke yake na kuyapachika kwenye toleo lililopo, ili programu zako zisivunjike kwa ajili ya mabadiliko mengine ambayo hukuyaomba. Namba ya mbele inabaki ya zamani. Kinachobadilika ni mkia.

Sasa utazame huo mkia. Debian na Ubuntu huuonyesha katika salamu yenyewe, kwa hiyo nilimwonyesha mkaguzi maandishi "deb12u3" na "3ubuntu0.10", nikamfungulia kurasa mbili za madaftari, na mjadala ukaisha kabla chai haijapoa. AlmaLinux ilisema tu OpenSSH 8.7 na kunyamaza. Kwa seva hiyo ilinibidi niingie ndani, nitoe jina kamili la kifurushi, nitoe historia ya mabadiliko yake yenye namba ya CVE, na nivibandike kwenye barua. Haikuwa kazi ngumu. Lakini ofisi isiyo na fundi, ikiletewa ripoti kama ile na mkaguzi wa mfadhili au wa benki, itababaika, na nimekwisha kuona meneja akimlipa mtu ili "apandishe" OpenSSH kwa kuijenga kutoka msimbo, akajitoa kabisa katika mfumo wa viraka wa kiotomatiki kwa sababu ya namba moja kwenye karatasi.

Kwa yeyote anayekaguliwa mara kwa mara, ningelipa jambo hili uzito kuliko kasi ya viraka. Kuna pia upande wa sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na unapoulizwa ulifanya nini, ukurasa ulio wazi wenye namba ya kiraka ni ushahidi mzuri kuliko maneno yako.

Nani anakiri asichokirekebisha

Hapa Debian wanaongoza, na sioni haya kusema hivyo. Daftari lao huonyesha udhaifu wote wanaoujua, hata ule walioamua kutoutolea taarifa ya usalama kwa kuuona mdogo, na huandika sababu ya uamuzi huo. Programu ndogo iitwayo debsecan, ikisakinishwa kwenye seva, hulinganisha vifurushi vyako na daftari hilo na kukupa orodha ya udhaifu ambao bado uko nawe. Mara ya kwanza orodha hiyo hutisha kwa urefu. Ukizoea, unaanza kuuliza swali la maana: kati ya hivi, ni kipi kinachoweza kufikiwa na mtu aliye nje ya jengo?

Debian si malaika. Mei 2008 ilibainika kwamba mabadiliko yaliyofanywa na watunzaji wao wenyewe katika OpenSSL mwaka 2006, kwa nia njema ya kunyamazisha onyo la programu ya ukaguzi, yalikuwa yameua unasibu (namba zisizotabirika) unaotumika kutengeneza funguo za siri, hata funguo zinazowezekana kwa aina na ukubwa mmoja zikabaki 32,767 tu. Ubuntu, iliyotokana na Debian, iliumia pamoja nayo. Anayekwambia mtunzaji wa kati ni faida tupu, mkumbushe mwaka huo.

Ubuntu wana mgawanyo ambao watumiaji wengi hawaufahamu. Vifurushi vya hazina kuu hutunzwa na timu ya usalama ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, kwa miaka mitano katika matoleo ya muda mrefu, yale yanayotoka Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Vifurushi vya hazina ya universe, ambavyo ndivyo vingi zaidi, hutegemea jamii, isipokuwa umeiunganisha seva na Ubuntu Pro, huduma ya Canonical ya kujiandikisha. Pro ni bure kwa mashine tano kwa matumizi binafsi na biashara ndogo, nayo huongeza huduma hadi miaka kumi. Amri ya "pro security-status" hukuhesabia ni vifurushi vingapi vyako viko upande gani. Niliiendesha kwenye seva ya shule moja ya Ilemela iliyodaiwa kuwa "inajisasisha yenyewe kila siku", nikakuta programu yao ya maktaba iliegemea vifurushi kadhaa vya universe vilivyokuwa na viraka vinavyosubiri Pro. Ilikuwa ikijisasisha kweli, ila nusu.

AlmaLinux hufuata tathmini za Red Hat, ambao wana ngazi zao nne za ukali na huandika wazi pale wanapoamua kutorekebisha. Orodha ya viraka vya usalama peke yake unaipata kwa "dnf updateinfo list --security". Tahadhari ziko mbili. Kwanza, hazina yake ya msingi ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi utaongeza EPEL, hazina ya vifurushi vya ziada ambayo hutunzwa na wanajamii na haina ahadi ileile. Pili, viraka hutolewa kwa toleo dogo la mwisho tu: ilipotoka 9.4, aliyejikalisha kwenye 9.3 kwa kuogopa mabadiliko aliacha kupata viraka bila kengele yoyote kulia.

Miaka ya maisha

AlmaLinux 9 itapata viraka vya usalama hadi Mei 2032. Ubuntu 24.04 inakwenda hadi 2029 bila Pro. Debian 12 ina huduma kamili ya miaka mitatu hadi Juni 2026, kisha miaka miwili ya LTS (huduma ya muda mrefu) hadi Juni 2028. Lakini LTS ya Debian hufanywa na kikundi kingine tofauti na timu ya usalama, na si kila kifurushi kinabaki ndani yake.

Wapo hapa mjini wanaoendelea kutumia CentOS 7, mfumo wa zamani wa jamii ya Red Hat. Huduma yake ilikoma tarehe 30 Juni 2024, siku moja kabla ya regreSSHion kutangazwa. Walinusurika kwa kuwa OpenSSH yao, 7.4p1, ilikuwa ya zamani mno kuwa na kosa hilo. Hiyo ni bahati ya mvuvi aliyesahau kutia mafuta siku ya dhoruba.

Kiraka kikishashuka

Debian na Ubuntu hutumia unattended-upgrades kujitia viraka zenyewe; katika Ubuntu hiyo huwashwa tangu mwanzo, katika Debian ni vema uhakikishe mwenyewe kwamba imesakinishwa na imewashwa. AlmaLinux hutumia dnf-automatic, ambayo ni lazima uisakinishe, uielekeze ichukue viraka vya usalama na uwashe saa yake. Zana zote mbili zinafanya kazi hiyo kwa uaminifu.

Shida ni baada ya hapo. Maktaba kama ya OpenSSL ikibadilishwa kwenye diski, huduma zilizo hai huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu hadi ziwashwe upya. Mwaka 2014, wakati wa Heartbleed, tundu maarufu la OpenSSL, wengi walitia kiraka na kubaki wazi kwa sababu hiyohiyo. Programu ya needrestart hukuonyesha huduma zinazosubiri. Ubuntu ya seva huja nayo, kwenye Debian uisakinishe, na kwenye AlmaLinux iko amri ya "needs-restarting" yenye kazi hiyo.

Kiini chenyewe hakibadiliki bila kuwasha mashine upya, isipokuwa una huduma ya kutia viraka kikiwa hai. Ubuntu wanayo, inaitwa Livepatch, nayo imo ndani ya Pro. Debian hawana huduma rasmi ya aina hiyo, na kwa AlmaLinux utainunua kwa mtu wa tatu. Kwa utani wenye ukweli ndani yake, katika baadhi ya mitaa yetu umeme ukikatika na betri ya akiba ikaisha, seva huamka na kiini kipya bila mtu kuamua. Nisingeuita huo utaratibu, hasa kwa hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika.

Upande wa bando, Debian ndiyo nyepesi kwa uzoefu wangu. Ubuntu hushusha mara kwa mara kifurushi cha firmware (programu za ndani za vifaa) chenye mamia ya megabaiti, ambacho seva nyingi hazina haja nacho chote. AlmaLinux hushusha orodha za hazina zenye makumi ya megabaiti kabla hata ya kiraka chenyewe. Ofisi yenye mashine zaidi ya tatu za Debian au Ubuntu iweke apt-cacher-ng kwenye moja kati yake: kifurushi hushuka mara moja, kisha hugawiwa ndani. Nilishukuru kuwa nayo Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukasuasua kwa siku kadhaa: mashine moja ilihangaika usiku kucha, zile nyingine zikachota kwake asubuhi.

Nilivyochagua kwa wateja watatu

SACCOS yenye seva mbili, ambayo fundi wake hufika kila wiki na mkaguzi kila mwaka, niliiweka kwenye Debian. Daftari lake linajibu maswali ya mkaguzi bila mimi kuwepo, viraka vyake ni vyepesi, na fundi yule anayo tabia ya kusoma debsecan kila Jumatatu. Asingekuwa na tabia hiyo, nisingewapa Debian, kwa sababu ukweli wake mwingi unahitaji msomaji.

Kampuni ya minofu ya sangara ilikuwa na mfumo wa hesabu ambao muuzaji wake anautolea huduma kwenye jamii ya Red Hat tu. Hapo hapakuwa na cha kuchagua: AlmaLinux 9, dnf-automatic saa nane usiku, EPEL imezimwa, na kalenda yenye alama ya Mei na Novemba, miezi ambayo matoleo madogo hutarajiwa, ili tusibaki nyuma. Kulazimisha Debian kwa sababu ya mapenzi yangu kungewanyima msaada wa muuzaji siku ya tatizo.

Zahanati iliyoko Ukerewe ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Seva ni moja, hakuna fundi kisiwani, na mashine hiyo ina ugonjwa wa kusimama kwenye maandishi meusi kila inapowashwa hadi mtu abonyeze kitufe kwenye kibodi. Kila kiraka cha kiini kilimaanisha ama kumwelekeza muuguzi kwa simu, ama mimi kupanda meli ya Nansio. Nikaiweka Ubuntu 24.04 yenye Pro na Livepatch. Viraka vya kiini vya udhaifu mkubwa huingia mashine ikiwa hai, na kuiwasha upya kabisa nimekupanga mara nne kwa mwaka, siku ambazo ninavuka kwa kazi nyingine pia. Nikivuka safari ijayo nitabeba betri ndogo ya ubao mama, ambayo nashuku ndiyo chanzo cha ugonjwa huo. Nikifanikiwa, hoja kubwa iliyonifanya niiache Debian pale zahanati itakuwa imeondoka, na nitaiangalia upya 2029 ikifika.